Majibu ya koo langu na chai ya moto

Jumapili, Julai. Baridi ya kuuma masikio.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mlima sijauona tangu asubuhi, na sina haja ya kuutafuta, kwa sababu nimeukalia. Niko nyumbani kwangu, juu huku Meru, kitandani kwangu, chini ya blanketi langu jekundu, na moshi wa jiko langu unaingia dirishani bila hodi.

Nililia kurudi hapa kama ndama aliyefungwa mbali na mama yake. Sasa nimerudishwa.

Nimerudishwa nife.

Subirini, msianze kulia. Nina hasira, na mtu mwenye hasira hafi haraka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni bibi wa watu. Nilisoma mpaka darasa la nne nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, lakini Biblia naisoma mwenyewe, sisomewi. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Neema, mwalimu huko Dodoma, maana nilikuwa nampigia simu kila jioni kuwasema baba yake na mama yake. Akaniambia, "Bibi, hayo yote yaandike, nitasoma nikitulia." Nilijua ananikwepa. Nikaandika hivyo hivyo. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona neno limekosewa, nyamazeni.

Kansa yangu ni ya koo. Ilianza kwa ndizi kukwama. Nikasema ni ndizi mbaya. Ukakwama ugali, nikasema mpishi mbaya, na mpishi nilikuwa mimi. Siku maji yaliporudi yalikotoka ndipo nikakubali hospitali. Wakanipitisha mpira wenye kamera, wakaweka kibomba cha waya ili njia ipitike, wakakata na kinyama kwenda kupima. Tangu hapo naishi kwa uji, na maziwa ya mgando, na loshoro iliyopondwa mpaka mahindi yake yamesahau kwamba yalikuwa mahindi.

Wakasema pia ni chai. Kwamba sisi watu wa baridi tunakunywa chai ya kuchemka na koo linaungua kila siku mpaka linageuka. Wasomi hawa! Sasa kwenye baridi hii tunywe nini, togwa? Lakini mkwe wangu, mama yake Neema, alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Tangu nihamie kwao Levolosi, mjini Arusha, chai yangu inapozwa kama ya mtoto mchanga. Ananiletea, anatia kidole chake pembeni ya kikombe kwanza. Kidole! Mtu mzima mimi.

Levolosi nimeshailalamikia humu, sitarudia yote. Nyumba ni nzuri, sikatai. Mwanangu Elibariki anauza vifaa vya ujenzi Kaloleni, na vilivyo bora amevijengea kwake. Madirisha yana nondo zilizokunjwa kama maua. Geti lina kufuli. Mkwe wangu ni mwanamke wa Machame, biashara iko damuni, asubuhi anakwenda dukani kwake na kufuli analifunga, eti mji una wezi. Mimi nabaki na televisheni. Nikisimama uani karibu na sinki la kufulia, kati ya tanki la maji na ghorofa ya jirani, naona kipande cha mlima chenye upana wa khanga. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Kahawa yangu inaiva huku juu, mimi nasimama uani nimeegemea sinki, naangalia kipande.

Mtu anaweza kufungwa na watu wanaompenda. Tena hao ndio wanaofunga vizuri.

Tulikuwa tunangoja majibu ya kinyama. Hapa msikilize, maana bila hili hamtaelewa ujinga uliofuata.

Kwamba ni kansa, hilo tulishajua. Kilichorudishwa kupimwa ni jambo jingine, na aliyenieleza ni dokta wangu, binti wa umri wa Neema, mwenye sauti ndogo na macho makavu. Siku hiyo Elibariki alikuwa amenisindikiza, lakini simu yake iliita, mteja anataka mabati, akatoka nje. Nilibaki mimi na dokta.

Akasema, "Bibi, mwili wako una askari wake. Kibaya kikiingia wanakikamata. Lakini kansa nyingine ni janja. Seli zake zinavaa alama kwa nje. Askari akiigusa ile alama anaona huyu ni mwenzake, anapita."

"Anapita tu?"

"Anapita, na saluti anapiga."

Nikamwambia huyo si askari, huyo ni mbwa wa jirani yangu. Mwizi akimtupia kipande cha nyama, analala.

Alicheka huyo mtoto mpaka akavua miwani. "Haya Bibi, tuseme ni mbwa. Ipo dawa mpya. Yenyewe haimpigi mwizi. Inamnyang'anya ile nyama, mbwa akumbuke kazi yake. Ila wapo wezi wasiotumia nyama kabisa, na hao dawa hii haiwasumbui sana. Ndiyo maana tunapima kinyama kwanza. Tunaangalia seli zako zenye alama ni nyingi au chache."

"Zikiwa nyingi?"

"Zikiwa nyingi, dawa ina cha kunyang'anya. Tumaini linaongezeka. Lakini sikuahidi, Bibi. Wapo wenye alama tele na dawa ikawapita, na wapo wenye chache ikawasaidia. Ni kama kuangalia mawingu kabla ya kupanda."

Nilimpenda kwa hilo la mawingu. Wengi humu duniani wanakuahidi mvua.

Halafu akanipa lililo zito. Dawa yenyewe kwetu huku kuipata ni shida, lakini Nairobi kuna hospitali inafanya utafiti wake kwa watu wa koo, na inapokea wale ambao alama zao ni nyingi. Ukipokelewa unakaa huko huko, karibu nao. Dripu, vipimo, dripu, vipimo. Muda mrefu. Kurudi ni pale watakapokuruhusu.

Nairobi! Mimi Namanga kwenyewe niliishia kwenye soko.

Kwa hiyo tangu siku ile nilikuwa kama panya kwenye mtungi. Nikiwa na alama nyingi, naenda kufungiwa nchi ya watu, mahali ambapo hata kwenye ua hakuna kipande cha mlima. Nikiwa nazo chache, mlima nitaupata wote, na nitalala chini yake. Usiniulize nilikuwa naombea lipi. Nilikuwa napiga magoti, nasema "Bwana", halafu sijui niendelee vipi.

Elibariki hakumuuliza dokta mwenyewe. Aliporudi na simu yake aliniuliza, "Mama, amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema tungoje." Nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya yale mabati. Basi.

Alhamisi dokta akampigia.

Nilimwona kwa dirisha la sebuleni. Alikuwa barazani amekaa, akasimama, akasikiliza, akakaa tena. Nikasikia, "Asante dokta, tumeshaelewa." Akakata. Akabaki anaangalia viatu vyake. Alipoingia ndani alinipita kama kabati.

Kwetu Wameru habari mbaya haipelekwi kwa mgonjwa. Inapelekwa kwa mshili, mzee wa ukoo, na yeye ndiye anapanga nani aijue kwanza, nani afuate. Mgonjwa ni wa mwisho, na mara nyingi hafikiwi. Mshili wetu ni Anaeli, shemeji yangu, mkubwa wa marehemu mume wangu. Jioni ile ile nikasikia Elibariki yuko chumbani anaongea Kimeru kwa sauti ya chini. Na Elibariki Kimeru anakitumia kwa mambo mawili tu, ng'ombe na msiba. Ng'ombe wangu ni wazima.

Mnadhani mgonjwa haoni. Mgonjwa hana kazi nyingine zaidi ya kuona.

Ijumaa asubuhi mkwe wangu akaniletea chai.

Ya moto.

Hakutia kidole. Kikombe kinatoa moshi, tangawizi inanukia, sukari imewekwa kama ninavyopenda mimi. Akaniambia, "Kunywa, Mama, baridi imezidi," na macho yake akayapeleka ukutani kwenye kalenda. Mwanamke huyu amegombana na mimi juu ya chai tangu nifike! Nikakishika kile kikombe, mikono ikapata joto, moyo ukaingia baridi. Nilielewa yote hapo. Chai hiyo nilikunywa, na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko chochote nilichoonja mwaka huu.

Kisha Elibariki akaja kunong'oneza kama yuko kanisani: "Mama, kesho tunakupeleka nyumbani."

Nilikuwa nimeomba neno hilo kila siku. Nilipolipata, nikatamani alirudishe.

Jumamosi tukapanda. Mkwe wangu alifungasha nguo zangu zote, mpaka kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika, kile ambacho tunavaa kwenye sikukuu na kwenye mazishi. Nikamuuliza, "Hicho nacho kina sikukuu gani?" Akasema, "Basi tu, Mama." Basi tu! Watu wasiojua kudanganya wangefundishwa shuleni, lingekuwa somo.

Nyumbani nikawakuta wanawake wa usharika wameshafagia. Mbuzi amefungwa nyuma ya jiko. Wakanisalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili, wale ambao mwezi uliopita walikuwa wananisema kwamba mdomo wangu ndio umeniletea kansa ya koo. Anaeli naye akaja na fimbo yake, akakaa, akapewa maziwa, akazungumza mvua, akazungumza kahawa ya chama, akazungumza ndama wa mtu mwingine kabisa. Halafu akakohoa.

"Shemeji, una neno lolote la kuwaachia watoto?"

"Ninalo."

Wote wakainama.

"Wafunge zizi. Limeachwa wazi tangu nimefika."

Nikatoka nje kwa fimbo, nikasema nakwenda kuangalia migomba. Mume wangu amelala kule chini kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa. Kaburi lake huwa nalifyeka mwenyewe. Nikakuta limeshafyekwa. Na ubavuni mwake, upande wa kushoto, pamefyekwa pia, udongo umesawazishwa vizuri, panatosha mtu.

Nilisimama pale. Sikulia. Niliona tu kwamba wameacha mzizi mmoja wa mgomba katikati, ungewasumbua kuchimba.

Leo baada ya ibada mchungaji akaja na Chakula cha Bwana. Akasoma habari za pumziko. Akaimba kidogo. Ni kijana mzuri, lakini anaimba puani. Alipomaliza nikamshika mkono.

"Mchungaji, umeambiwa nini kuhusu mimi?"

"Mama, tumwachie Mungu."

"Mungu nimeshamwachia. Nakuuliza wewe."

Akamwangalia Elibariki. Elibariki akaangalia dari. Dari yangu ni mabati, hakuna cha kuangalia.

Wakatoka wote kwenda kula. Nikabaki peke yangu, nasikia sahani, nasikia vicheko vinavyozuiwa. Na hapo hasira ikapanda. Kwamba katika watu wote wa mlima huu, mpaka yule fundi wa kufyeka, mimi ndiye sijui habari za koo langu! Nikachukua simu. Dokta alinipa namba yake siku ile, akasema, Bibi, ukikwamwa na chochote nipigie. Nilikuwa nimekwamwa.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Niambie nakufa lini, nina kahawa ya kuchuma."

Nikasikia redio kwake inapunguzwa. "Bibi, uko wapi?"

"Nyumbani kwangu. Wameniletea mchungaji."

"Mchungaji wa nini?"

"Wewe ndiye uniambie wa nini."

"Bibi, mimi nilimwambia mwanao Alhamisi. Majibu yametoka. Seli zenye alama ni nyingi. Nyingi, Bibi, zaidi ya nilivyotegemea. Nilitaka kumwambia kesho Jumatatu mje kliniki, watu wa Nairobi wameshakushikia nafasi na hawataishika muda mrefu. Akasema asante dokta, tumeshaelewa, akakata kabla sijamaliza, na nikimpigia tena hapokei."

Tumeshaelewa!

Jamani. Mtoto huyu nimemzaa mimi, nikamlipia shule kwa kahawa, akafika mpaka kidato cha sita, na hajawahi kusikiliza sentensi mpaka nukta. Akiwa mdogo nilimtuma chumvi akarudi na sukari, kwa sababu alishaondoka nikiwa bado naongea. Lakini na mimi najua alichosikia. Mkewe ana presha, ikipanda ni balaa. Yeye mwenyewe ana sukari, ikipanda ni balaa. Katika nyumba ile kila kipimo kikiwa kikubwa watu wanaacha kula. Sasa mtu huyo umpigie umwambie seli za mama yako ni nyingi, atasikia nini? Atasikia kansa imejaa. Hajui ya mbwa wala ya nyama. Alikuwa nje na mabati yake.

Tangu Alhamisi yeye alikuwa na jibu bila swali. Mimi nilikuwa na swali bila jibu. Na katikati yetu tumeweka mshili, mchungaji na mbuzi.

Nilimuuliza dokta, "Kwa hiyo nitapona?" Akasema, "Sijasema hivyo, Bibi. Nimesema una mawingu mazuri."

Mtaniuliza nilifurahi? Ningewaambia ndiyo mngenipenda zaidi. Nilikata simu nikabaki nimekaa, na kitu cha kwanza kilichonijia ni geti. Sauti ya lile kufuli la Levolosi. Halafu geti jingine ambalo sijaliona, la Nairobi, la chuma vilevile. Nimekaa kwangu siku moja tu. Mto wangu haujaanza hata kuninukia.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyenizuia, mtu anayekufa anaruhusiwa kila kitu. Nikaenda kwenye kahawa. Imeiva, na hakuna aliyechuma vizuri, wamechuma nyekundu na mbichi pamoja, wavivu hawa. Nikachuma kidogo kwenye kitenge. Vidole vyangu havina habari ya kansa. Vinajua nyekundu na vinaacha kijani, bila mimi kuviambia.

Nitasema ukweli, maana huku hakuna mchungaji: nilifikiri kunyamaza.

Ni rahisi mno. Nisiseme neno. Dokta atapiga, Elibariki ataona namba ya hospitali na hatapokea, namjua. Nafasi ya Nairobi itapewa mwingine. Mimi nitabaki hapa, nichume kahawa nikiweza, nipewe chai ya moto, watu wanisalimu kwa mikono miwili, mkwe wangu asiwe na neno la kunijibu. Nimeishi miaka mingi bila kupewa heshima kama niliyopewa tangu jana. Halafu nishuke pale chini ubavuni mwa mume wangu, kwenye mzizi wa mgomba. Kwangu. Hakuna kufuli.

Nilikuwa nimeshaamua. Kabisa.

Nikawa narudi, nikapita nyuma ya jiko, nikamkuta Elibariki. Amechuchumaa karibu na mbuzi. Mtu wa tumbo kubwa, mwenye duka, amechuchumaa kama alipokuwa mtoto akichapwa, anafuta uso kwa kiganja, anamwambia mbuzi, kwa Kimeru, "Nimechelewa kumleta. Ningemleta mapema." Hakuniona.

Nikasimama na kahawa yangu kwenye kitenge.

Nikawaza siku moja mimi nikiwa pale chini, majani yameshaota, dokta yule anakutana naye mjini. Au anapiga kwa namba nyingine. Kwa sauti yake ndogo anamuuliza, "Kaka, mbona mama hamkumleta? Majibu yake yalikuwa mazuri." Na Elibariki ataelewa, safari hiyo mpaka nukta. Ataelewa kwamba alimzika mama yake akiwa na jibu zuri mfukoni.

Hilo jiwe siwezi kumwachia. Ni mjinga, hasikilizi, lakini ni wangu.

Na kuna jingine, nalisema kwa kiburi changu chote. Kufa kwa kansa, sawa, wakubwa kuliko mimi wamekufa nayo. Lakini kufa kwa sababu Elibariki alikata simu? Hapana. Hiyo sitaki isomwe kwenye historia yangu kanisani.

Basi nimekamatwa. Nilipokuwa na habari mbaya mlango ulikuwa wazi. Habari njema ndiyo imekuja na kufuli.

Sasa, Neema. Ninyi wengine mnaweza kusoma, lakini mfunge midomo. Neema, najua jioni hii unasoma, ulishasema.

Nje hapa yupo mshili, yupo mchungaji, wapo wanawake wote wa usharika wanakula mbuzi wa baba yako, kachinjwa jioni hii. Nikitoka niseme mbele yao kwamba Elibariki hakuelewa simu, mlima huu utamcheka mpaka wajukuu zake. Watamwita Tumeshaelewa. Kuna mtu huku anaitwa Kesho Nitalipa tangu nikiwa msichana, na alishakufa, wanaitwa hivyo watoto wake. Kwa hiyo sitasema. Ukoo huu haujawahi kusoma ukurasa wangu hata siku moja, wanaangalia picha tu, na mimi sijaweka picha.

Mpigie baba yako. Mwambie aende pembeni, mbali na baba yake mkubwa Anaeli, ampigie dokta mwenyewe. Safari hii asikate mpaka aambiwe kwaheri. Akishaelewa, alie huko huko pembeni amalize. Kisha aje aniambie mimi, polepole, kama mwanaume aliyepata habari kwa bidii yake. Nitashtuka vizuri. Nitasema "Eeh, Bwana asifiwe!" na nitashika kifua. Halafu mshili ataambiwa, halafu mchungaji, halafu wale wanawake, na mbuzi atakuwa ameliwa kwa shukrani, si hasara.

Umeona nilivyopanga? Nani kwanza, nani afuate. Leo mshili ni mimi, na wa mwisho kujua ni wazima.

Akishajua atataka kuniomba msamaha, ndivyo alivyo. Mwambie asiniletee majani ya sale wala magoti. Alete gari mlangoni asubuhi na mapema, lenye mafuta, maana kliniki haimsubiri mtu. Na Nairobi nitakwenda. Nitakaa kwenye geti lao. Lakini kahawa yangu ichumwe nyekundu peke yake, na pale ubavuni mwa babu yako pasichimbwe. Pandeni maharage wakati mnangoja. Ardhi iliyofyekwa haiachwi bure.

Sijui kama mbwa wangu ataamka. Dokta hajui. Mawingu ni mawingu.

Mama yako ameingia sasa hivi, amenifunika miguu, ameniwekea kikombe kingine. Chai ya tangawizi, inatoa moshi mpaka simu imefunga ukungu. Macho yake mekundu. Nimemwambia asante, akashangaa, nusura aangushe sinia.

Kesho ni kliniki. Kikombe nimekiweka dirishani, kipoe.